Bunduki Iliyopita Motoni

Siku ya gulio mji wa Itigi huanza kupiga kelele alfajiri, lakini karakana ya Damiani ilikuwa ng'ambo ya reli, mahali ambapo kelele hufika zikiwa zimeshachoka. Asubuhi hiyo alikuwa anakaza nati za cherehani ya Amne mshonaji, chai yake imeota utando juu, mwanamke mmoja alipobisha hodi. Alikuwa amepakata kitu kirefu kilichofungwa kwa kitenge, kama mtu aliyembeba mtoto mgonjwa. Vumbi la basi la Rungwa lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Karibu, mama. Za safari?"

"Njema. Wewe ndiye fundi Damiani?"

"Ndiye."

"Nimeambiwa unatengeneza bunduki."

Damiani akasema zamani alitengeneza, enzi za wazee waliokuwa na vibali vyao na magobore yao, ila siku hizi kazi yake kubwa ni cherehani, baiskeli na mashine za kukamulia alizeti. Hata hivyo alijifuta mikono na kusogeza vyuma vilivyokuwa mezani. Mwanamke akakilaza kitenge pale na kukifungua taratibu.

Ilikuwa bunduki ya kuwindia, au kile moto ulichokiacha. Mbao zote zilikuwa zimekwenda. Mtutu ulikuwa na rangi ya kijivu, umejaa magamba kama mguu wa kuku. Bolti iling'ang'ania mahali pake, na kifyatulio kilining'inia kama jino la mtoto.

"Ni ya mume wangu, Petro Mazengo," alisema. "Iliungua pamoja naye. Mimi naitwa Emiliana. Watu wananiita Mama Noel."

"Pole sana, Mama Noel."

"Nimeshapoa. Polisi waliikagua, wakasema ni chuma chakavu, wakanirudishia. Wamekubali itengenezwe iwe ya kutundika ukutani."

Damiani akachukua tupa, akaipitisha kidogo kwenye mtutu. Tupa ilikula chuma kama inakula sabuni. Moto ulikuwa umenyonya ugumu wote. Akamweleza kwamba bunduki hiyo haitapiga tena hata ifanyiwe nini. Atakayeijaribu itampasukia usoni.

"Sitaki ipige," Emiliana alisema. "Nataka iwe nzima. Tangu ilipoingia ndani, kila jioni namsikia mume wangu akikohoa kwenye kona niliyoiweka. Kile kikohozi chake cha moshi wa nyuki, nakijua. Nilipoisugua kidogo kwa mchanga, nikaona na kivuli chake ukutani. Nikasugua tena, nikaharibu. Nikaona basi, kazi hii inataka fundi."

Damiani akaitikia kwa kichwa, kama mteja anapomweleza kwamba baiskeli inaruka mnyororo kwenye mlima. Alitaka kujua kama kikohozi huja bunduki ikiwa imelala au imesimama. Emiliana akasema ikiwa imesimama. Damiani akaisimamisha pembeni ya mlango, wakakubaliana arudi gulio lijalo.

*

Kitongoji cha Isanzagi, alikotoka Emiliana, kilikuwa mbali ndani ya msitu, kabla hujafika Rungwa. Watu wake walilima mtama na alizeti na kutundika mizinga ya nyuki. Kiangazi kimoja kiliungua chote kwa mchana mmoja. Habari iliyoenea, na ambayo wakubwa waliipokea na kuipeleka juu, ni kwamba Petro Mazengo alikwenda kurina asali, akaangusha mwenge wa kufukizia nyuki kwenye majani makavu, upepo ukafanya yaliyobaki. Yeye mwenyewe alirudi mbio kuokoa bunduki yake na nyumba ikamwangukia.

Waliopona waliambiwa wasijenge tena pale. Wakahamishiwa barabarani, na kwenye majivu ya Isanzagi ya zamani ikaja kampuni moja ya uwindaji, yenye jina ambalo hakuna aliyelitamka sawasawa, ikapiga mahema yake ya kijani. Huko barabarani Emiliana akawa "mke wa aliyetuchoma". Hakuna aliyemtukana. Alipofika kisimani wanawake walimpisha achote kwanza, ili aondoke mapema.

Siku ya moto Emiliana hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwenye msiba wa dada yake Kinampanda, na alikuwa amemwacha mumewe kitandani anatetemeka kwa malaria.

"Mtu mwenye homa hapandi mtini kwenye mzinga," alimwambia Damiani gulio la pili, akiwa amekaa juu ya debe la rangi. "Nimewaambia mpaka nimechoka. Wanasema namtetea kwa sababu ni mume wangu. Sasa nataka aje aseme mwenyewe."

"Atasema tukifika kwenye kifyatulio, nadhani," Damiani alijibu. "Tuanze na mtutu."

Akauloweka mtutu katika dizeli iliyochanganywa na oili chafu. Baada ya hapo akaanza kuusugua kwa brashi ya waya, kisha msasa mkali, kisha msasa laini. Magamba yalidondoka sakafuni, na kila jioni Damiani aliyafagia akayatia kwenye kopo, kwa kuwa hakujua kama yanahesabiwa kuwa sehemu ya marehemu. Jioni moja, mtutu ulipoanza kuonyesha weusi wake wa asili, mtu alikohoa mlangoni. Damiani aliinua macho. Petro Mazengo alikuwa amechutama kando ya bunduki, mrefu, mwembamba, wa rangi ya maji ya jivu. Ndoo iliyokuwa nyuma yake ilionekana kupitia kifuani.

"Karibu," Damiani alisema, akamsogezea kigoda.

Petro akakaa, ingawa kigoda hakikujua kama kimekaliwa. Amne alipopita kuchukua cherehani yake aliwasalimia wote wawili.

"Mgeni wa wapi huyu?"

"Wa Isanzagi. Marehemu."

"Maskini," Amne alisema. "Na hii sindano umeniwekea ya kitambaa kizito au chepesi?"

*

Sasa Emiliana akawa anakuja kila gulio. Alishuka kwenye basi na ndoo zake za asali, akaziuza, kisha akavuka reli. Mwanzoni alikaa kidogo tu, akamtazama mumewe na kuuliza kazi imefika wapi. Petro hakuwa na sauti; midomo yake ilicheza bila kutoa kitu, kama mtu anayezungumza nyuma ya kioo cha gari. Emiliana alimsimulia habari za nyumbani: Noel yuko Geita kwenye machimbo na ameoa, mbuzi wawili wameliwa na fisi, mtama wa mwaka huu umeshikwa na ndege. Petro alisikiliza yote. Alipochoka kumsimulia mumewe, alimsimulia fundi.

Damiani alikuwa mjane kwa muda mrefu. Mkewe Eliana alifariki wakiwa bado hawajapata mtoto, na tangu hapo alikula kwa mama ntilie wa stesheni na kulala nyuma ya karakana. Hakuwa na manung'uniko. Lakini sasa alijikuta, siku moja kabla ya gulio, anafagia mpaka chini ya meza. Akanunua vikombe viwili visivyo na ufa. Akavaa shati la kanisani kazini, na Amne alipomuuliza kuna sikukuu gani, akasema mengine yamelowa.

Kwa ajili ya kitako alitoa ubao wa mninga uliokuwa darini. Alikuwa ameununua zamani ili amtengenezee Eliana kitanda, ukabaki huko juu, umekauka vizuri, haujapinda. Aliuchora, akaukata, akaupiga randa mpaka karakana yote ikanukia. Emiliana alikuja na nta ya nyuki. Wakaiyeyusha kwenye mafuta ya alizeti na kuipaka pamoja, yeye kuanzia mwisho mmoja, Damiani kuanzia mwingine, kila mmoja na kitambaa chake. Ubao ule ulikunywa mafuta ukaanza kung'aa rangi ya chai kavu. Walipokutana katikati, vitambaa vyao viligusana. Hakuna aliyeondoa mkono upesi. Petro alikuwa kwenye kigoda chake, anatazama nje, treni ya mizigo ilikuwa inapita.

Siku Damiani alipofunga kitako kwenye mtutu, kigoda kililia. Petro alikuwa amepata uzito. Ndoo haikuonekana tena kifuani mwake, na hakungoja tena jioni. Alishinda pale mchana kutwa kama mzee yeyote aliyekosa kazi. Gulio lililofuata Emiliana akaweka kiganja kwenye bega lake, akakuta bega. Akakiacha kiganja pale muda mrefu. Damiani akatoka nje kwenda kutafuta skrubu ambazo alikuwa nazo mfukoni.

*

Ikabaki springi.

Springi ya kifyatulio ilikuwa imelegea kwa moto, ukiibonyeza haikurudi, ilikaa tu ilivyoachwa. Damiani alimweleza Emiliana kwamba inatakiwa mpya, na kwamba chuma chake si chuma cha kuokota. Kinatakiwa kile cha saa kubwa za zamani, na hizo saa siku hizi hazipatikani.

"Utakipata?"

"Nitakitafuta."

Chuma hicho alikuwa nacho. Kilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, rafu ya juu, kimeviringwa na kupakwa grisi. Alikuwa amekitoa kwenye saa mbovu aliyouziwa kama chakavu, akakitunza kwa kazi itakayostahili.

Gulio la kwanza alisema bado. La pili akasema kuna mtu wa Manyoni amemwahidi. La tatu hakusema chochote na Emiliana hakuuliza. Alikuwa ameleta unga wa mtama na mlenda uliokaushwa, akapika kwenye jiko la mkaa la kufulia vyuma, wakala. Emiliana akacheka Damiani alipomsimulia habari za padri aliyeleta baiskeli itengenezwe kumbe ameikalia vibaya siku zote. Alikuwa na kicheko kinachoanza chini na kupanda, na baada ya kuisha aliziba mdomo kwa kiganja kama mtu aliyemwaga kitu. Magulio yalipita hivyo, msimu ukabadilika, upepo wa Singida ukaanza kubeba vumbi na mifuko ya plastiki, naye akaendelea kuja. Damiani alisugua skrubu moja mpaka ikawa inaakisi uso.

Jioni moja, akiwa peke yake na Petro, Damiani alikuwa anaizungusha skrubu hiyo kwenye kitambaa kwa mara nyingine. Petro akainuka kwenye kigoda. Akaenda kwenye rafu, akanyoosha mikono yote miwili, akalishusha kopo la maziwa. Kwa mtu wa hali yake lilikuwa zito, ilibidi apumzike katikati ya njia. Akaliweka mezani mbele ya Damiani, akarudi kukaa.

Damiani hakulifungua. Alilitazama kopo, akalitazama jiliwa la kubania vyuma, akamtazama Petro.

"Nikimaliza hatarudi tena," alisema.

Petro akaitikia kwa kichwa.

"Wewe una miaka yako naye. Mimi nina hizi siku za gulio tu."

Petro alimtazama jinsi mtu anavyomtazama jirani ambaye mbuzi wake wameingia shambani, jirani anayeeleza kwamba mbuzi walikuwa na njaa. Hakuwa na hasira. Alisubiri tu mpaka maneno yaishe. Yalipoisha, Damiani akafungua kopo.

Alikata kipande, akakipinda kwa koleo akifuata umbo la springi ya zamani. Akakichoma mpaka kikawa chekundu, akakizamisha kwenye oili, moshi ukampanda machoni. Akakisugua kikawa cheupe, akakirudisha juu ya moto mdogo na kukilinda kisiungue, kikageuka njano, kikageuka kahawia, na kilipofika buluu akakiondoa. Akakifunga mahali pake. Akavuta kifyatulio. Kikalia *ka*, kikarudi.

"Ahsante, fundi," Petro alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyeamka. "Kazi nzuri. Ila kitako umekifanya kirefu kidogo. Mikono yangu mifupi."

Damiani akaichukua bunduki, akaiweka begani mwake mwenyewe. Ilimkaa sawasawa. Aliirudisha mezani na masikio yake yalikuwa ya moto.

"Naweza kukipunguza."

"Kiache," Petro alisema. "Sitapiga nayo."

*

Emiliana alipofika siku ya gulio, Petro alimwita kabla hajabisha hodi.

"Mama Noel."

Akaketi chini, palepale mlangoni, ndoo za asali bado mikononi. Hakulia. Akauliza, "Siku ile ulikuwa na homa?"

"Nilikuwa na homa. Nikwambie ilivyokuwa?"

"Usiniambie mimi. Mimi nakuamini. Utawaambia wao."

Damiani akafunga karakana akasafiri nao, kwa kuwa springi mpya ilihitaji kuangaliwa. Ingeteguka njiani, sauti nayo ingekwenda. Kwenye basi konda alimwomba Petro aelekeze mtutu chini, akamtafutia kiti cha dirishani kwa sababu alinuka moshi na kulikuwa na abiria mwenye pumu. Petro alitazama msitu njia nzima. Mara moja aliuonyesha kwa kidole mti uliokuwa na mzinga wake. Mzinga haukuwapo.

Mwenyekiti wa kitongoji, Sostenes, aliitisha mkutano kesho yake chini ya paa la shule. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye alisimamia misiba yote na kukumbuka majina ya watoto wa kila mtu. Alimkaribisha marehemu kwa niaba ya wote, akamsifu fundi kwa kazi, kisha akampa Petro nafasi.

"Mbukwenyi," Petro aliwaamkia.

"Mbukwa," wakaitikia Wagogo waliokuwapo, na wengine wakaitikia kwa lugha zao.

Petro akaisimamisha bunduki mbele yake, akaikamata kwa mikono miwili kama fimbo. Akasema siku ile alikuwa amelala na homa. Alisikia gari, akadhani ni la mnunuzi wa asali. Alipochungulia dirishani akaona wanaume asiowajua, wanamwaga petroli kwenye paa la nyasi la Abraham, kisha la Redempta. Mwenge wake wa nyuki ulikuwa umetundikwa ukutani, mkavu, haujaguswa tangu wiki ya nyuma. Mwenyekiti alikuwa nao. Alikuwa anawaonyesha nyumba zenye watu, watu watolewe, na nyumba zisizo na watu.

"Alipofika kwangu akawaambia, huyu hayupo, yuko msituni na nyuki," Petro alisema. "Nilimsikia. Niliita, lakini homa ilikuwa imenikausha koo, na wao walikuwa wameacha gari linanguruma. Nadhani alidhani kweli sipo. Nikashika bunduki ili nivunjie mlango, miguu ikanikatalia. Basi. Sikuwasha moto mimi."

Mtoto alilia, akanyonyeshwa. Kisha Sostenes akasimama, akavua kofia.

"Tunamshukuru marehemu kwa maelezo yake," alisema. "Ni kweli nilikuwapo. Waliniambia tukiondoka kwa hiari tutapewa maji, tukikataa tutaondolewa bila maji. Na ni kweli nilidhani yuko msituni. Baba Noel, pole sana."

"Nimeshapoa," Petro alijibu.

Redempta, mama mzee mwenye macho yaliyoanza kupata ukungu, akauliza kama sasa watarudi Isanzagi yao. Sostenes akamweleza kwa heshima, akianza na shikamoo ingawa walishaamkiana asubuhi. Mahema yapo. Mkataba upo. Pampu ya maji waliyonayo hapa barabarani imeletwa na haohao, na bati za shule wanayokalia chini yake sasa hivi zimeletwa na haohao. Kitongoji kikianza kusema maneno mengine, pampu ikiharibika nani atakuja kuitengeneza? Watu wakageuza shingo kuitazama pampu. Ilikuwa pale, ya bluu, wasichana wawili wanachota.

Abraham akasema angalau iandikwe upya kwamba Petro hakuwasha moto. Wengi wakaafiki. Sostenes akasema wazo ni jema, ila taarifa ya kwanza ilishapanda juu, na walioiandika wamehamishwa, mmoja yuko Mtwara, kwa hiyo haiwezi kufunguliwa bila wao kukaa tena. Akamgeukia Petro.

"Baba Noel, wewe mwenyewe unaonaje, ikibaki hivyohivyo? Wewe kwa sasa mambo haya hayakuumizi tena."

Petro akafikiri. "Hayaniumizi," alisema.

"Mimi yananiumiza," Emiliana alisema. Alikuwa amesimama nyuma, karibu na Damiani, mikono ameikunja kifuani. "Mimi ndiye ninayeitwa mke wa aliyetuchoma. Yeye jina hilo halisikii. Nalisikia mimi, ninyi mkilisema polepole."

"Wewe tunakupenda, Mama Noel," Sostenes alisema, na alimaanisha.

Ikapigwa kura ya mikono. Wakakubaliana kwamba marehemu amesafisha roho yake, kwamba amekaribishwa nyumbani wakati wowote, na kwamba mengine yabaki yalivyo. Watu wakapiga makofi. Baadhi walipita kumshika Petro mkono, wakasema mkono ni wa baridi lakini unashikika. Walipotawanyika, Damiani alimsikia mwanamke mmoja akimwelekeza mgeni njia: pita hapo, nyumba ya tatu, jirani na ya mke wa yule aliyetuchoma. Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja mti.

*

Walikula ugali wa mtama kwa mlenda. Petro hakula, lakini aliomba bakuli lenye moto alishike. Damiani aliikagua springi mara ya mwisho, akatia tone la oili, akamwonyesha Emiliana skrubu ya kukaza kila mwezi. Noel alipigiwa simu huko Geita. Akaongea na baba yake kuhusu mbuzi.

Emiliana akamsindikiza fundi barabarani kungoja basi. Petro alibaki uani, bunduki mapajani, anazungumza na kuku. Upepo ulisukuma kitenge cha Emiliana.

"Fundi," alisema. "Zile siku za mwisho za gulio. Sikuwa nakuja kwa ajili ya bunduki peke yake."

Damiani alitazama upande basi litakakotokea.

"Nami sikuwa natafuta chuma," alisema.

"Nilijua." Akarekebisha mkunjo wa kitenge kiunoni, ingawa ulikuwa sawa. "Sasa yupo. Anataka uji wa moto ili apashe mikono. Anataka kujua kila kitu. Usiku ananiuliza habari za watu walioshakufa, wakati yeye ndiye angetakiwa kunipa. Nilimlilia miaka yote hii, fundi, na amekuja. Siwezi kumwambia arudi."

"Huwezi."

"Asali nitauzia hapahapa. Kuna mnunuzi anapita."

Basi lilitokea likiburuta vumbi lake. Emiliana hakumpa mkono. Aliinama akaokota mfuko wa Damiani wenye zana, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mkwe. Akageuka. Damiani alimwona akitembea kuelekea uani, na Petro akiinuka polepole kumpokea, mrefu, mwembamba, mkono mmoja kwenye kitako cha bunduki iliyopimwa kwa mikono ya mtu mwingine.

Basi lilikuwa limejaa. Alipata nafasi kiti cha nyuma, na kabla halijaondoka Sostenes akapanda, anahema, kofia mkononi. Alikuwa anakwenda Itigi.

"Sogea kidogo, fundi," alisema, akakaa. Akafungua mfuko wa karanga za kuchemsha, akamkaribisha. "Nimekuona siku mbili hizi, mikono yako ni mikono. Wale wa mahema wananiambia wanataka geti la chuma, kubwa, kule juu, njia ya kuingilia Isanzagi ya zamani. Watu wanapita na mizinga yao, wanawasumbua wageni. Wameniomba niwatafutie fundi."

Damiani alishika karanga bila kuzimenya.

"Litakuwa kubwa," Sostenes akaendelea. "Halitabebeka likiwa zima. Itabidi uje mwenyewe kulifunga, vipande kwa vipande. Safari tatu, nne. Basi linashushia palepale tulipopandia."

Nje dirishani paa la shule lilipita, ikapita pampu na foleni yake ya ndoo, zikapita nyumba mpya za matofali mabichi. Kwenye uwanja mmoja mwanamke alikuwa amesimama akikinga macho dhidi ya vumbi, lakini basi lilikuwa limeshashika mwendo na Damiani hakuweza kuona ni nani.

"Lina upana gani?" akauliza.

Sostenes alinyoosha mikono yote miwili kumwonyesha, mmoja ukapita mbele ya uso wa Damiani, na bado mikono haikutosha.

"Nitakuja," Damiani alisema.